Ng'ombe wa Mama na Sarafu za Dhahabu

Katindiuka,
Ifakara.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Kija,

Nakusalimu wewe na mkeo Merina. Mama mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Je, mguu wake umepungua uvimbe? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika. Msimu wa mpunga umefika na pale kwenye mashine ya kukoboa tunabeba magunia tangu asubuhi hadi giza.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Unataka kuuza ng'ombe wote wa mama ununue sarafu za dhahabu kwa yule mtu anayepita hapo kijijini, kwa kuwa dhahabu haiugui wala haitafuti malisho. Hapo sikubishii. Lakini simu haitoshi kueleza niliyoyaona huku, ndiyo maana naandika.

Yupo Msukuma mwenzetu, Shilinde, mnunuzi wa ng'ombe. Mnadani anamtazama dume mara moja, anataja kilo zake, na wachinjaji wanakubali. Unatujua: kumwambia muuzaji alete mizani ni kama kumwita mwizi. Basi alikuja mtu pale mashineni na sarafu za dhahabu kwenye leso. Shilinde naye alikuwepo. Restuta, anayetuuzia chai, akamwambia, "Shemeji, kazipime kwanza kwa sonara."

Shilinde akacheka. "Dume mzima nampima kwa macho, nishindwe na kitu cha kukaa kiganjani?"

"Dume ana miguu, shemeji. Akiwa mbovu utamwona anachechemea."

Tulicheka sote, na mimi nikiwemo. Shilinde akalipa.

Kesho yake aliniomba nimsindikize mjini akaziuze kwa sonara, maana aliogopa kutembea peke yake na mali. Sonara alisugua sarafu moja kwenye jiwe, akadondosha dawa, akaiweka kwenye mizani, akamrudishia. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Shilinde akauliza kama na nyingine ziko hivyo. Zilikuwa hivyo.

Kabla hatujatoka nilimuuliza sonara mtu anayeanza afanyeje. Alisema sarafu halisi ina uzito wake unaojulikana, na ya shaba yenye ukubwa uleule huwa nyepesi. Karati, zile namba za usafi wa dhahabu, ziwe zimegongwa juu yake, ila muhuri nao hughushiwa, kwa hiyo ipimwe tu. Ulizia bei ya gramu ya siku hiyo. Ukiuziwa chini sana, ogopa. Nunua dukani, upewe risiti, na kabla hujatoa hela uliza watainunua kwa bei gani ukiirudisha, kwa sababu itakuwa chini ya uliyolipa. Dhahabu ghafi ya wachimbaji iache, ile ina leseni na soko lake. Anza na kidogo.

Mimi naongeza langu. Dhahabu haikamuliwi, na mama bado anakunywa maziwa. Ukiona lazima, uza dume mmoja, majike wabaki. Na huyo mtu wako mwambie mwende pamoja kwa sonara kabla hajaona hela. Akiwa na sababu za kukataa, mwache aende zake.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Omega, jirani yangu anayerudi huko kuwaona wazazi wake. Amebeba pia kiboksi. Ndani kuna mizani ndogo ya betri, kama ya masonara. Itoe mbele ya mtu yeyote, usione haya.

Sikuinunua mimi. Shilinde aliposikia nakuandikia alikwenda mjini akarudi nayo. Alisema, "Mpelekee mdogo wako. Siku ile ungenipa hii ningekutukana."

Nisalimie watoto wote, na baba mdogo Viktor mwambie sijamsahau. Mungu awatunze, na zizi la mama lisibaki tupu.

Ni mimi ninayekuwaza nikiwa mbali,
kaka yako,
Alphonce