Mzizi Wenye Miguu

Jumanne, baada ya Isha

Sijaupenda ule mzizi. Mume wangu kaja nao kutoka kwa daktari wa Kichina, una mikono na miguu kama mtu! Kitu cha umbo lile hakiingii chunguni mwangu bila ya Ayatul Kursi. Nikaisoma.

"Wa kutia nguvu tu, Zuhura," kanambia. "Lakini haufai kitu mpaka uchemshwe na kuku, moto mdogo, kutwa nzima."

Nguvu za kwenda wapi? Kazi yake Kizimbani ni kukaa kivulini na kuwasimamia wachuma karafuu.

Nimempikia, kanywa supu yote, kanishukuru. Ila alinipa nusu tu ya mzizi niipike. Nusu ya pili kaifunga kwenye leso, eti ataila kesho kazini.

Kazini hakuna jiko. Basi huyo kuku anachemshiwa na nani?