Shangazi Alikatazwa Kulia

Jumapili, Homa Bay

"Bustani hii ni ya wananchi wote," afisa wa utalii alisema redioni. Wananchi gani? Leo nimemleta shangazi kutoka Uriri kwenye kaburi la mpigania uhuru wetu, lililo ndani ya bustani hiyo. Mazishi yalimpita, na kwetu aliyekosa mazishi hulia siku anapofika kaburini, hata miaka mingi ikipita. Akapaza sauti.

Mlinzi akaja mbio. "Mama, nyamaza kidogo. Wageni wanapiga picha."

"Kwani hapa mlizika sanamu?" shangazi akamuuliza.

Tukatolewa. Mimi, mwandishi mgomvi wa magazetini, nilimshika shangazi mkono tu hadi langoni. Nimechoka. Miguu yake imevimba, naogopa hataweza safari nyingine...

Ninyi wasimamizi wa bustani, kesho mfungulieni lango kabla hajarudi Uriri, na mwacheni alie mpaka amalize.