Gesi Haijaisha

Jumatano jioni

Nilijua jibu, na bado nilinyamaza. Mwalimu wa fizikia aliuliza kwa nini galaksi fulani haizai nyota mpya. Kevo akapayuka, "Gesi imeisha, ticha, wakajaze mtungi!" Darasa zima likacheka.

Haijaisha. Shimo jeusi la katikati hurusha mkondo mkali unaoichemsha gesi na kuisukuma mbali. Isipopoa, haiwezi kukusanyika iwe nyota.

Tangu Jumapili nadhani nasikia ndala za kaka yangu Brayo kwenye ngazi, kumbe si yeye. Baba alimfokea mbele ya wageni wa maombi kwa sababu ya simu iliyovunjika, na Brayo akaondoka. Mimi nilisimama pale na thamosi ya chai. Simu niliivunja mimi.

Mama husema, "Atarudi Baba yenu akipoa."

Leo Baba ameuliza kama Brayo anakula huko aliko. Amepoa. Anayemzuia kurudi sasa ni mimi.