Safari ya Kiti cha Cherehani

Kitinda mimba wangu,

Huku sote wazima, cherehani tu ndiyo inakohoa. Uliponiambia nije kumwona mjukuu, na kwamba ndege ni mwendo wa saa kumi, nilicheka, kisha nikaogopa. Tangu tumzike baba yako siwezi kukaa bila kazi mkononi. Nikitulia tu, machozi haya hapa.

Basi jana nikafanya mazoezi. Nilijifunga kwenye kiti kwa futi ya kupimia nguo, shangazi yako akawa mhudumu wa ndege. Akaja na sinia ya chai, kabana sauti: "Abiria, sukari?" Mteja alipokuja kufuata gauni lake, shangazi yako akamfukuza mlangoni: "Fundi yuko angani, rudi jioni!" Nilicheka hadi mkanda ukafunguka.

Kiti cha pembeni nilikitundikia koti la baba yako. Machozi yalikuja kweli, yakapita, na safari bado ilikuwa ndefu.

Nimefika salama, mwanangu, bila kutoka sebuleni. Kata tiketi. Na huyo mjukuu asithubutu kuanza kutembea kabla sijamshika mkono.

Mimi mama yako, abiria mzoefu.