Fete ya "hakuna aksida"

Tatiana, uko wapi? Shika simu! Mi niko na kasirani.

Yaya Kabedi, ule dada mukubwa mwenye tunapika naye ku kantini ya bachimbaji, ameungua leo asubui. Alikuwa anasonga bukari, ugali yetu, mu ile nyungu kubwa, ikamurukia mukono muzima. Ngozi ilitoka, Tatiana. Ngozi!

Akaomba kwenda ku hospitali, kwa munganga wa kampuni. Shefu wa kantini anamujibu: "Ule munganga ni wa batu ba kampuni. Nyie ba jikoni muko ba sous-traitance, ba kampuni ingine." Akamuvalisha ganti, glavu ya mpira, juu ya kidonda, akamurudisha ku nyungu. Juu ya nini? Juu leo kulikuwa fete, sherehe kubwa!

Fete gani? Ya "hakuna aksida", ati hakuna ajali ku kazi. Mungu wangu, naapa!

Saa sita tunapakua chakula, patron wa usalama ku kazi anasimama: "Mwaka muzima, hapa kwetu hakuna mutu aliumia! Tupige makofi!" Batu bote banapiga. Yaya Kabedi eko pale na mwiko, machozi inashuka. Atapiga makofi na mukono gani?

Akavua ganti. Pole pole, maana ilikuwa inavuta ngozi. Akanyanyua ule mukono juu, bote baone.

Unajua shefu alimwambia nini? Hakuna "pole". Hakuna "twende kwa munganga". Alisema: "Ficha ule mukono, batu beko banakula."

Batu beko banakula!

Banakula nini, Tatiana? Bukari yenye ule mukono ulisonga.