Sura ya Saba ya Kitabu cha Kengele

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka aliniambia kwamba umeanza tena kukanyaga cherehani kutwa nzima, na kwamba daktari akikuuliza unamjibu unapumzika. Baba naye naamini hajambo, na bado anabishana na redio. Mimi mwilini ni mzima. Nakula, nalala kidogo, na dari la chumba changu limeacha kuvuja. Nasema mwilini kwa sababu kwingineko siko sawa, ndiyo maana umepata bahasha badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza nikifika katikati, ungeniambia pole mwanangu, nami ningeipokea ile pole na kukata bila kumaliza.

Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Tangu asubuhi nimefagia chumba mara mbili na kufua pazia lililokuwa safi. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, nakaa tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo ni Jumamosi. Jumatatu saa nne Bibi Nukta anamkabidhi mkuu wetu barua ya kuacha kazi, na mimi nimeshindwa kutulia kwenye kiti.

Bibi Nukta ni yule mama wa meza ya dirishani, aliyenifundisha kazi. Zamani alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, akajifunza kompyuta akiwa tayari ana wajukuu. Jina la utani tulimpa sisi, kwa sababu hawezi kupita karibu na nukta iliyokaa vibaya bila kuisogeza. Ukimtumia ujumbe wa kumtakia heri, anakushukuru, halafu anakurudishia ujumbe wako ukiwa umesahihishwa.

Uliwahi kuniuliza tunafanya nini hasa pale ofisini, nikakujibu juu juu. Leo nieleze vizuri. Watengenezaji wengi wa programu huandika amri tupu za kompyuta, na baada ya mwezi hata mwenyewe hakumbuki kwa nini aliandika hivyo. Sisi, kwa ushawishi wa Bibi Nukta, tunaandika kitabu. Kitabu kweli, chenye sura na aya. Tunaeleza kwa lugha ya watu tunataka nini na kwa sababu gani, na katikati ya maelezo tunapachika vipande vya amri. Mtu asiyeweza kuieleza amri yake kwa sentensi, husema yeye, hajaielewa, na asiipe kompyuta.

Kisha kuna chombo tunachokiita Chekeche. Ukikiwasha, kinapita kitabuni, kinaokota amri zote na kuzipanga kwenye faili la kompyuta, na upande wa pili kinatoa kurasa safi za kusomwa na watu. Lile faili la kompyuta haliguswi kwa mkono. Kosa likionekana, unarudi kitabuni, unalirekebisha pale, unaandika aya ya kueleza ulikosea wapi, unachekecha upya. Ijumaa kurasa mpya husomwa kwa sauti mbele ya wote. Wewe utaelewa upesi kuliko wateja wetu: ukipunguza gauni lililokwisha kushonwa bila kurekebisha karatasi unayokatia, gauni linalofuata litatoka na kosa lile lile.

Mwaka jana tulipewa kazi ya ghala la chanjo za watoto. Chumba cha baridi kikianza kupata joto, programu yetu ipige kengele kwenye simu za wahusika. Tukakiita Kitabu cha Kengele, na sura ya saba nikapewa mimi. Ilihusu kusubiri. Mlango ukifunguliwa joto hupanda kidogo, kwa hiyo kengele isikurupuke, ingoje dakika kumi na tano kwanza. Niliiandika kwa madaha, mama. Nilieleza mfanyakazi anayeingia na makasha mikononi, mlango anaousukuma kwa kisigino, mvuke unaomtoka puani. Ijumaa ile mkuu alisema inasomeka kama hadithi, nikavimba kichwa wiki nzima.

Kengele ikafanya kazi. Ililia mara mbili kama ilivyotakiwa, watu wakakimbia, chanjo zikapona. Halafu siku moja Bibi Nukta, katika kupitapita kwake, akaona nukta mbili zimekaa vibaya kwenye sura yangu. Akazirekebisha, akachekecha, akaniambia kwa kunitania kwamba kisigino changu kilikosa mkato. Tukacheka.

Wiki sita baadaye, Jumamosi saa kumi jioni, mashine ya chumba cha baridi ikafa. Kengele haikulia. Ililia Jumapili saa moja asubuhi, saa kumi na tano kamili tangu joto lianze kupanda. Makasha yote yalikuwa yameharibika. Kina mama walifika na watoto mgongoni, wakaambiwa warudi baada ya majuma mawili. Hatujasikia mtoto aliyepatwa na jambo, namshukuru Mungu, lakini nasema hivyo kwa sauti ndogo.

Tulipofungua kitabu, sura ya saba maneno yalisema dakika kumi na tano, na amri chini yake ilisema 900. Saa inayotumika mle huhesabu kwa dakika, na dakika 900 ni saa kumi na tano. Kwenye kikao kilichoitishwa, mkuu aliunganisha mambo haraka. Kabla ya Bibi Nukta kuchekecha, kengele ilikuwa inalia vizuri. Aliyegusa sura mara ya mwisho ni yeye. Sura nyingine zinatumia saa inayohesabu sekunde, na dakika kumi na tano ni sekunde 900, basi bila shaka mama huyu, apendaye kila kitu kifanane, aliona 15 akaisahihisha pasipokuwa na kosa. Nakala za zamani za kitabu hufutwa kila baada ya mwezi. Hakukuwa na cha kumpinga.

Nilitegemea angebisha. Huyu mama hubishana na kamusi. Lakini alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akasema huenda ni kweli. Unajua alipasuliwa macho mwaka jana. Tangu kikao kile anasoma kila mstari akiufuata kwa kidole, anasoma tena, na akimaliza anamwomba mtu mwingine amsomee. Nukta zinazokaa vibaya anazipita siku hizi bila kuzisogeza. Jana alinikuta ngazini, akanipa barua yake ya kuacha kazi, akaniomba niitazame kama ina makosa, maana macho yake hayaamini tena. Ameandika humo kwamba anaondoka kabla hajamdhuru mtoto wa mtu.

Nimeisoma mara nne. Mikato, nukta, herufi kubwa, vyote viko mahali pake. Hakuna alichokosea.

Mama, ile 900 ni yangu. Niliiandika mimi siku ya kwanza, nikidhani saa ile inahesabu sekunde. Tuliisoma Ijumaa ile wote kwa sauti, na kwa utamu wa maneno hakuna aliyeitazama namba. Wiki tatu baadaye nilienda ghalani peke yangu kuijaribu kabla chanjo hazijaingizwa, nikaacha mlango wazi, nikakaa juu ya kasha tupu kungoja kengele. Nilingoja hadi miguu ikafa ganzi ndipo nikaelewa kwamba saa ile inahesabu dakika. Ningerudi kitabuni, ningelazimika kuandika aya ya kusema nilikosea, na aya hiyo isomwe mbele ya watu walewale walionipigia makofi. Nikaona haya. Nikafungua faili la kompyuta, lile lisiloguswa, nikafuta 900 na kuweka 15 kwa mkono wangu. Nikajiambia kesho nitarekebisha na kitabu. Kesho ikazaa kesho. Bibi Nukta alipochekecha, Chekeche ilifanya kazi yake. Iliokota kilichokuwemo kitabuni, ikaifunika 15 yangu isibaki hata alama.

Ushahidi upo. Zile kurasa zilizosomwa Ijumaa, wenzangu walishazitupa. Mimi nilibaki na yangu kwa ajili ya majivuno, nipate kuisoma tena. Ina tarehe, ina sura ya saba, ina 900. Tangu siku ya kikao iko chini kabisa mkobani mwangu, nimeikunja mara tatu.

Bado sijafika penyewe. Siku ile ya kikao, watu walipotoka, Bibi Nukta alinifuata kwenye beseni la kunawia. Aliniuliza, kwa upole, kama mimi mwenye sura nakumbuka namba ilikuwa ngapi kabla yeye hajaigusa, kwani yeye akifumba macho haoni kitu. Alikuwa ananiuliza kama mtu anayeuliza njia. Nilijua jibu. Nikafungua bomba, nikanawa mikono iliyokuwa safi tayari, nikamjibu kwamba labda ilikuwa 15.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Haya ya kwanza ilinifanya nifiche kosa, nayo naweza kuieleza. Lakini mama wa watu aliniomba nimrudishie macho yake, nikamwambia labda.

Usiniambie pole. Najua Jumatatu huenda nikarudi nyumbani bila kazi, na utanikuta mlangoni na sanduku. Naogopa, sikufichi. Ndiyo maana barua hii naiwahisha posta kabla hawajafunga, nikitoka hapo naenda moja kwa moja kwake. Ikishaondoka mikononi mwangu sitaweza kugeuka njiani, kwa sababu nakujua: ukiisoma tu, utapiga simu kuniuliza nilimwambia au sikumwambia.

Nitampa ukurasa wa Ijumaa kwanza, ausome mwenyewe, bila kidole. Kisha nitamrudishia barua yake na kumwambia nimekuta kosa moja tu, liko kwenye sababu, na ni langu.

Msalimie baba na kaka, na jirani aliyenishonea mfuko wa safari. Goti lipumzishe kweli, si kwa daktari tu.

Mimi mwanao,
kitinda mimba wako.