Hapana Zote za Kuresoi

Alhamisi jioni, Elburgon. Mvua imenyesha tangu saa tisa na viatu vyangu ni tope tupu, lakini moyo umetulia.

Wiki mbili sasa nazunguka Kuresoi boma kwa boma, nikiuliza wanawake kama kuna anayewalazimisha kuzaa au kuwazuia kupanga uzazi. Utafiti una wenyewe, mimi ni wa kujaza fomu tu. Swali limeandikwa hivi: "Je, kuna mtu amewahi kuingilia maamuzi yako ya uzazi?"

Wote walisema hapana.

Nikiri, nilifurahi. Fomu ya hapana huisha haraka.

Leo asubuhi nilimpata mama mmoja akichagua mbegu za viazi. Nitamwita Mama Joy, ingawa si jina lake. Naye alisema hapana, mama mkwe wake akiwa kando, nikaweka alama. Mama mkwe alipoenda kuhamisha ng'ombe, Mama Joy akaniuliza kwa sauti ya chini, kuingilia ni kufanya nini hasa. Akanieleza kuwa bwanake alimpeleka kliniki, akasimama mlangoni mpaka kijiti cha kupanga uzazi kikatolewa mkononi, kwa sababu anataka mtoto kijana. Tembe alizoficha baadaye, mama mkwe alizitupa kwa moto.

"Hiyo ndiyo kuingilia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika ndiyo. Mimi nilidhani ni ndoa."

Niliona aibu. Wangapi nimewauliza mama mkwe akiwa pale pale, kwa Kiswahili cha ofisi?

Kabla sijaondoka nilimwambia kuna nesi kwa dispensari anayedunga sindano ya miezi mitatu na kadi inabaki kwake huko, haipelekwi nyumbani. Tukakubaliana tukipatana huko hatujuani.

Kisha nikampigia msimamizi wetu simu, nikijua atafoka. Hakufoka. Alikuja, tukakaa kwa benchi ya dispensari tukalivunja lile swali vipande: Kuna mtu amewahi kukufichia dawa? Kuzitupa? Kukupeleka utolewe kijiti? Akasema boma zote zirudiwe, na tuulize mama akiwa peke yake.

Tulikuwa bado tunaandika Mama Joy alipopita na kiondo chake, akaingia kwa nesi. Hakunitazama. Nami niliinamia karatasi, nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumwonyesha mtu.

Kesho narudi boma ya kwanza. Nitaomba tuongelee shambani, tukiwa wawili tu, na sitakuwa na haraka.